Ni Mimi Mama, Naandika Mwenyewe

Siku ya kwanza kompyuta ilipomsomea neno, Bi Shuka aligeuka nyuma aone nani amesimama. Hakukuwa na mtu. Sauti ilikuwa ndani ya hedifoni, sauti ya mwanamke asiye kijana wala mzee, asiyevuta pumzi hata kidogo. "Maji," ilisema, na kwenye skrini herufi zikawaka moja moja. "Maji." Kisha ikanyamaza kumsubiri.

Bi Shuka alizivua hedifoni akaziweka mezani taratibu, kama anayeweka chini kitu kinachoweza kuuma.

"Mwalimu, huyu dada yuko wapi?"

"Hayupo mahali popote, mama. Ni mashine inayosoma."

"Hata mashine huwa na pa kukaa."

Mzee mmoja wa meza ya jirani aliangua kicheko. Alikuwa mwashi mstaafu, na kwa vile maisha yake yote alikuwa hatembei bila futi ya kupimia, wote walimwita Kipimo. "Bi Shuka, mwache dada wa watu," alisema. "Mimi ananisomea tangu wiki iliyopita na hajaniomba hata soda."

Darasa lilikuwa katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, kompyuta nane kuukuu zilizotolewa na ofisi fulani iliyonunua mpya. Watu wazima wanane walikutana hapo saa kumi jioni, mara tatu kwa wiki, kila mmoja na sababu yake ambayo hakupenda kuisema. Bi Shuka alifua shuka za hospitali, ndiko jina lilikotoka. Miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza kama anajua kusoma, mpaka msimamizi mpya alipoamua kila mfuko uandikwe jina la wodi. Wiki ya pili Bi Shuka alipeleka shuka za chumba cha upasuaji kwenye wodi ya wazazi. Msimamizi hakumfokea. Alifanya baya zaidi: alimshonea vitambaa vya rangi kwenye mifuko yake, nyekundu, bluu, kijani, akamwelekeza mbele ya wasichana wa zamu kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto wa chekechea. Jioni hiyohiyo Bi Shuka alikwenda kujiandikisha.

Lakini sababu ya kweli, ile aliyoificha hata kwa mwalimu, ilikuwa mwanawe.

*

Mwanawe wa pekee alikuwa mchomeleaji vyuma, na alikuwa ng'ambo mwaka wa pili sasa, akijenga winchi ndefu za bandari. Zamani alikuwa akipiga simu. Tangu mwezi wa tatu alikuwa anaandika tu, kwa sababu, alivyosema, simu yake ilikuwa imeharibika kipaza sauti na kazini hawaruhusiwi kupigapiga. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Bi Shuka yenye kioo kilichopasuka, na mkwewe ndiye aliyemsomea.

Mkwe huyo, mke wa mwanawe, alikuwa mshonaji. Chumba chake na cha Bi Shuka vilitenganishwa na ukuta wa mbao usiofika darini, na kutwa nzima cherehani yake iliongea. Jioni iliponyamaza, alikuja na kigoda, akakaa miguuni pa mama mkwe, akasoma.

"'Mama, umemeza dawa? Usiziruke. Moyo hauchezewi. Mimi mzima, kazi nyingi, nakula vizuri.'"

"Soma tena pale pa kula."

Alisoma tena. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, yenye joto, na Bi Shuka alifumba macho na kumwona mwanawe ameketi juu ya chuma akitafuna mkate. Kesho yake kazini alieneza habari kwa wote. Mwanangu kasema hivi, mwanangu kasema vile. Aliporudi alimsimulia pia jirani, muuza mkaa wa mlango wa tatu, mwanamke ambaye ukimwambia jambo asubuhi, mchana mtaa mzima unalijua.

Bi Shuka aliposema amejiandikisha darasani, mkwewe alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Uzi ulikosa tundu mara tatu.

"Kwani mama, mimi nimeshindwa kukusomea?"

"Hujashindwa, mwanangu. Nataka nimshangaze. Siku moja afungue simu aone mamake kaandika."

"Utachoka. Toka kufua, nenda tena darasani. Na moyo huo uliokulaza hospitali."

"Nitachoka nimekaa kwenye kiti. Kuna kuchoka kuzuri kuliko huko?"

Mkwe alitabasamu, akailamba ncha ya uzi, akakosa tena.

*

Mwalimu alikuwa dada mwembamba mwenye subira ya ajabu. Alikuwa na mtindo wake: mwanafunzi alete maneno yake mwenyewe kutoka nyumbani, nayo yaingizwe kwenye kompyuta yawe somo. Kipimo alileta karatasi ya mkataba wa zamani aliodhulumiwa. Mwanamke mmoja muuza vitambaa alileta kibandiko cha sabuni. Bi Shuka alileta simu.

Mwalimu alinakili ujumbe wa mwaka mzima, wa zamani na wa karibuni, kwa herufi kubwa. Kisha akabonyeza, na dada asiye na pumzi akaanza.

"Bi Mkubwa. Nimekula. Nimeshiba. Usinisumbue. Ha ha."

Bi Shuka alicheka. Huyo ndiye mwanawe, mtundu, hana maneno mawili. Alikuwa akimwita Bi Mkubwa tangu akiwa na meno ya utoto.

"Bi Mkubwa. Huku baridi mpaka pua inahama."

Alicheka tena. Halafu sauti ikafika mwezi wa tatu, ikaendelea vilevile, haipandi wala haishuki.

"Mama. Umemeza dawa? Mama. Usinyanyue ndoo nzito. Mama. Lala mapema."

Mkwewe alipousoma, ujumbe wote, wa zamani na wa karibuni, ulikuwa mtamu vilevile. Mashine haikutia utamu wala haikutoa, ilisoma kilichoandikwa. Na Bi Shuka, mwenye miaka hamsini na nane, akiwa na vidole vilivyolainishwa na maji ya sabuni, alihisi kitu kikimtambaa mgongoni. Aliirudia orodha yote kuanzia juu mpaka chini. Hakuna Bi Mkubwa hata mmoja baada ya mwezi wa tatu. Hakuna ha ha.

"Watu hukua, mama," mwalimu alisema alipomwuliza. "Ugenini hukuza mtu."

"Kwa siku moja?"

Mwalimu akaenda kumsaidia muuza vitambaa.

*

Wiki hiyo, asubuhi moja kabla ya kwenda kazini, Bi Shuka aliteleza bafuni. Hakuumia, aligonga kiwiko tu na kusema "Ala!" kwa maumivu. Saa nne akiwa kwenye mashine za kufulia, simu ililia mfukoni. Alijitahidi mwenyewe, midomo ikicheza, mpaka akalipata neno la mwisho: *Mama pole kwa kuteleza. Weka mkeka wa mpira bafuni.*

Alitazama dirishani. Nje kulikuwa na kamba za nguo tu, shuka mia moja nyeupe zikijaa upepo.

Jioni alimuuliza mkwewe, "Amejuaje kuwa nimeteleza?"

"Mimi nilimwandikia. Nilikusikia unagonga ukuta."

"Ahaa."

Basi ikaisha hivyo, na Bi Shuka alijicheka kwa woga wake. Lakini siku tatu baadaye aliamka kutoka kwenye ndoto mbaya. Alikuwa amemwona mwanawe amesimama juu kabisa, mdomo umekauka, anaomba maji, na yeye ana ndoo lakini mkono haufiki. Alikaa kitandani akaitazama picha yake ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, una kiu?" Hakumsimulia mtu. Akavaa, akaenda zake kazini.

Mchana ujumbe uliingia. Sasa alikuwa anasoma haraka kidogo, na alitamani angekuwa bado hajui. *Mama usiniwaze. Huku maji yapo tele.*

Alikaa chini juu ya rundo la shuka chafu, jambo ambalo wafuaji walikatazwa.

"Hilo la maji," alimwambia mkwewe jioni, "nalo ulimwandikia wewe?"

"Maji gani, mama?"

"Nimeota ana kiu."

"Sijui ndoto yoyote mimi," alisema mshonaji, akaikanyaga cherehani, nayo ikapiga kelele mpaka mazungumzo yakafa.

Tangu siku hiyo Bi Shuka hakuongea tena chumbani peke yake. Akiomba dua, aliomba moyoni. Alipovua nguo alizima taa kwanza, akiona haya mbele ya mwanawe aliyekuwa nchi ya mbali. Darasani alimwuliza Kipimo, ambaye alikuwa na watoto sita, kama mtoto anaweza kusikia ndoto ya mzazi wake.

"Wako ana masikio marefu," alisema Kipimo. "Wangu wanakaa mtaa wa pili, na hawajui kama jino linaniuma." Kisha alipoona uso wa mwenzake aliacha mzaha. Akasogeza kiti. "Dada yangu, usimuulize mtu. Muulize yeye mwenyewe. Si umekuja hapa kujifunza kuandika?"

*

Ilimchukua majuma mawili. Alijifunza kwenye kibodi kwanza, kidole kimoja kikiwinda herufi kama kuku anayedonoa, kisha mwalimu akamwonyesha kuwa simu nayo ina kibodi yake ndogo. Jumapili saa nne asubuhi, mkwewe alipotoka kupeleka gauni la mteja, Bi Shuka alikaa kitandani mwake, jua limejaa mlangoni, akaandika ujumbe wa kwanza wa maisha yake.

*Mwanagu ni mimi mama naadika mwenyewe.*

Aliusoma mara nne. Akabonyeza.

Ukutani, upande wa pili, kitu kililia. Ti-ti.

Alisubiri. Barabarani mtu alipita akiburuta mkokoteni. Labda ilikuwa simu ya mkwewe, ameisahau. Lakini alimwona akitoka nayo mkononi, akiwa anaongea na mwenye gauni. Bi Shuka alirudisha macho kwenye kioo kilichopasuka, akaandika herufi mbili tu, *We*, akabonyeza.

Ti-ti.

Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba mwanawe amerudi. Amekuja kimyakimya, yuko pale chumbani, anajificha, anataka kumfurahisha mama yake, na ndiyo maana alijua ya bafuni, ndiyo maana aliisikia ndoto. Alisimama kwa furaha, akasema, "Toka basi, mshenzi wewe, nimekujua!" Akasukuma mlango.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Cherehani imefunikwa kitambaa. Hakukuwa na mtu, wala mahali ambapo mtu angeweza kujificha.

Aliandika tena, akiwa amesimama katikati ya chumba. Sauti ilitoka kwenye droo ya cherehani. Ndani, chini ya vipande vya vitambaa na vifungo, palikuwa na shati la kazi la mwanawe, lenye matundu madogo ya cheche kwenye mikono. Shati lilikuwa limekunjwa vizuri, na katikati yake simu, imechajiwa, yenye joto kidogo kama kitu kilichokuwa kimelaliwa. Kwenye kioo chake Bi Shuka aliona maneno yake mwenyewe yakimtazama. *Mwanagu ni mimi mama naadika mwenyewe.*

Alilinusa shati. Kisha akalikunja kama lilivyokuwa, akairudisha simu, akafunga droo, akarudi chumbani kwake akakaa. Hakulia. Hakuwa amefikia mahali pa kulia. Alikuwa anafikiria kwamba huenda kuna maelezo, kwamba mtu huweza kuituma simu yake nyumbani ikatengenezwe kipaza sauti.

Mkwe alirudi. Alisalimia kupitia ukutani kama kawaida, "Nimefika mama," akaingia kwake. Droo ilifunguliwa. Halafu Bi Shuka, akiwa amekaa bila kujongea, alisikia kucha zikigonga kioo, tk, tk, tk-tk, upole kabisa, na dakika moja baadaye simu iliyokuwa mapajani mwake ikalia.

*Mama umejua kuandika! Nimefurahi mpaka machozi yananitoka.*

Upande wa pili wa mbao, mtu alikuwa anavuta kamasi.

*

Bi Shuka aliandika maneno mawili: *Uko wapi?*

Ti-ti, ilisema droo. Na baada ya hapo hakuna kilichoingia, siku hiyo wala ya pili. Wanawake wawili walipika, wakala, wakaosha vyombo. Walisalimiana. Mshonaji alipomwekea maji ya kuoga, alisema "Maji tayari, mama," na Bi Shuka akasema "Haya mwanangu," na kila mmoja alimkwepa mwenzake macho. Kigoda cha kusomea kilibaki mlangoni. Cherehani haikuguswa.

Siku ya tatu, darasani, saa kumi na robo, simu ililia juu ya meza kando ya kibodi. Ujumbe ulikuwa mrefu kuliko wote.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu. "Tuuingize kwenye kompyuta, mama? Akusomee?"

"Hapana. Huyu dada asinisomee hili."

"Basi nikusomee mimi?"

"Niache, mwalimu. Nimesoma kwako miezi miwili. Niache."

Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. *Mama ni mimi. Si yeye.* Hayo yalipita bila shida, yalikuwa mafupi. Akasogeza kidole. *Ali. A. Lia. Alia.* Alirudi nyuma. *Alia-nga.* Aliangalia, alidhani, mwanawe aliangalia kitu kutoka juu, na alimwona pale, mkono umewekwa juu ya macho, akitazama bahari. Alitafuta *lia* ya mwisho wa neno ili likamilike. Haikuwepo. Palikuwa na *ngu*, na baada ya *ngu* palikuwa na *ka*.

Alilisoma tena kwa sababu mwalimu aliwafundisha kusoma tena. Lilikuwa lilelile.

*Alianguka kutoka juu ya winchi mwezi wa tatu. Siku ile ulikuwa umelazwa. Daktari alisema usishtuliwe. Wamemzika hukohuko. Nilitaka kukuambia ukipona. Ulipopona nikaogopa. Nisamehe mama. Nimefunga nguo zangu. Ukisema niondoke nitaondoka.*

Ilimchukua muda ambao wenzake walimaliza somo, wakazima mashine zao, wakaanza kuvaa viatu. Hakuna aliyetoka. Kipimo alikuja akasimama nyuma ya kiti chake bila kuuliza. Bi Shuka alifika kwenye nukta ya mwisho, akakitoa kidole chake juu ya kioo.

"Nimemaliza," alisema. "Nimesoma yote."

Kisha akainama juu ya kibodi, na skrini iliyokuwa mbele yake ikajaa herufi zisizo na maana, mistari na mistari, kwa uzito wa paji la uso wake.

*

Mkwe alikuwa amekaa mlangoni juu ya mfuko wake wa nguo. Alisimama alipomwona, akafungua mdomo. Bi Shuka alimpita kama anavyopita nguzo, akaingia chumbani, akasukuma komeo.

Walikaa hivyo, mmoja huku mwingine kule. Jua lilikuwa bado halijazama. Watoto wa jirani walikuwa wanarushiana mpira kwenye bati. Baada ya muda simu ya mshonaji, ile yake mwenyewe, ililia.

*Nani alimwosha*

*Rafiki zake wawili wa kazini. Waliniambia walimwosha vizuri.*

*Alisema nini*

*Hakusema kitu mama. Ilikuwa ghafla.*

*Alikua anakiu*

Hilo lilichukua muda kujibiwa. *Sijui. Wewe ulimuuliza kwa sauti kama ana kiu na mimi nikasikia. Nikaona nikuambie ana maji.*

*Vitu vyake*

*Walileta simu na shati na viatu. Viatu viko chini ya kitanda changu.*

Kupitia kwenye mbao kila mmoja alikuwa anazisikia kucha za mwenzake, zile za haraka na zile za polepole. Mara ya tano Bi Shuka alianza kuandika, akafuta, akaanza tena, kidole kikakosa herufi, kikakosa tena. Akaitupa simu kitandani, akaupiga ukuta kwa kiganja mpaka vumbi likadondoka.

"Mambo haya hayaandikiki! Njoo huku useme!"

Mkwe aliingia akapiga magoti sakafuni. Alikuwa amekonda, na Bi Shuka alijiuliza ilikuwaje asimwone amekonda miezi yote hiyo, ilhali alikuwa anamtazama kila jioni. Kumbe alikuwa akimtazama kinywa tu, kikisoma.

"Miezi minane," alisema, "umenifanya nicheke na maiti. Nimekwenda kazini nikawaambia watu mwanangu anakula vizuri. Anakula vizuri! Nimezima taa nisivue nguo mbele yake. Unajua nilifikiri nimepata wazimu?"

"Najua, mama."

"Hujui! Kwa nini hukuacha? Ungenyamaza tu, nikadhani amenisahau. Watoto wangapi husahau mama zao?"

Mshonaji alikuwa anachezea pindo la kanga aliyojifunga. "Nilitaka kuacha. Nilisema ni huu wa mwisho. Lakini nikiandika, alikuwa yupo." Aliliacha pindo. "Sikuwa nakuandikia wewe tu. Nilikuwa najiandikia na mimi. Natuma kutoka kwenye simu yake, naizima yangu, nalala. Asubuhi naiwasha, naona imeingia. Kuna siku nilikuwa nimesahau kabisa nimeandika nini. Nasoma, naona mume wangu ameniuliza nimeamkaje."

Mpira uligonga bati, na mtoto fulani akafokewa.

"Na mazishi? Hukulia hata siku moja?"

"Nililia kwenye cherehani. Ukishona haraka, haisikiki."

Basi zile kelele zote. Mashine iliyokuwa ikinguruma mpaka usingizi wa mchana ukamshinda Bi Shuka, naye akalalamika, "Mwanangu, hizo nguo za nani zisizokwisha?"

"Sasa wakijua ndugu zake," mkwe alisema, "baba yake mdogo atasema nimeficha kifo ili nile fedha zake. Hawatanielewa. Nitaondoka kabla hawajaja. Sitakuletea maneno."

"Nani kakuuliza kuondoka?"

"Mama, nimekukosea."

"Umenikosea. Sijakusamehe, na usinilazimishe." Bi Shuka alishika ukingo wa kitanda akajishusha, goti moja, la pili, mpaka wakawa wote wako chini. "Zirudishe nguo mahali pake. Halafu unieleze tangu simu ya kwanza. Nani alipiga, saa ngapi, ulikuwa umekaa wapi. Usiruke kitu."

Mshonaji alieleza. Alianza kwa sauti ya kusomea, ile nzuri yenye joto, na mama mkwe akamkatiza: "Siyo hiyo. Yako." Akaanza upya. Ilikuwa sauti kavu, yenye kukwama, na ilifika mwisho jikoni moto ukiwa umeshazimika wenyewe na chakula hakijapikwa.

*

Asubuhi walitoka pamoja. Walivaa nguo za heshima, wakajifunga vichwa, wakavuka milango miwili mpaka kwa muuza mkaa, maana habari ya msiba lazima ianze mahali, na kuianzia hapo kulikuwa kama kuitangaza redioni. Mwanamke huyo alikuwa anapanga makopo yake. Aliwatazama nyuso, akafuta mikono kwenye gunia.

"Kuna nini?"

"Mwanangu amefariki," alisema Bi Shuka. "Alianguka kazini."

"Uwii! Jamani! Lini?"

Mkwe aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimeikamata nguo ya mama mkwe kwa nyuma, pale ambapo hakuna aliyeona. Alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alijiandaa kulijibu swali hilo yeye mwenyewe, akapanga na maneno. Lakini Bi Shuka alitangulia.

"Jana."

"Jana! Jana hii? Yallah!" Muuza mkaa alijishika mdomo, akamkumbatia mama, akamkumbatia mjane, akaacha alama nyeusi za vidole kwenye mabega yao wote wawili. Kisha alirudi nyuma hatua moja. Ni mtu wa kukumbuka mambo. Ndiyo kazi yake mtaani. "Lakini Bi Shuka, si Jumapili hii umeniambia kakuandikia? Mchana ule, ulipopita hapa?"

Ilikuwa kweli. Jumapili mchana, simu ikiwa mfukoni, kichwa kikivuma, alipita hapo kununua mkaa, na mdomo uliozoea ukasema wenyewe.

"Ndiyo," alisema Bi Shuka.

"Alikuwa mzima? Aliandika nini?"

Bi Shuka alinyoosha mkono nyuma, akakitafuta kiganja kilichoshika nguo yake, akakiweka ndani ya chake na kukifumba.

"Aliandika amefurahi," alisema. "Nimesoma mwenyewe."